Kusoma safari ya Musa kama safari ya nafsi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kusoma maandiko kwa jicho la ndani ni kusoma kwa namna gani?

Ni kuyasoma masimulizi ya vitabu vitakatifu kama habari za watu wa kale na, papo hapo, kama habari za yanayopita moyoni mwa msomaji mwenyewe. Msomaji wa namna hii akifika pale Farao anapoufanya moyo wake kuwa mgumu, haulizi tu huyu alikuwa Farao yupi na alitawala lini. Anajiuliza pia ni saa ngapi jana moyo wake yeye ulipokuwa mgumu vivyo hivyo, na kwa ajili ya nini. Ukurasa huu umejifunga kwenye kisa kimoja tu, kile cha Musa na kutoka Misri, kwa kuwa kimo katika Torati ya Wayahudi, katika Biblia ya Wakristo na katika Kurani, na kwa kuwa watu wa dini zote tatu wamekisoma hivyo kwa karne nyingi na kutuachia maandishi ya kutosha ya kulinganisha.

Nani alianza kusoma hivyo?

Wa kwanza ambaye maandishi yake yametufikia kwa wingi ni Philo, Myahudi wa Alexandria aliyeishi tangu takriban mwaka 20 kabla ya Kristo hadi karibu mwaka 50 baada yake. Kwake, Misri ni mwili pamoja na tamaa zake, na Pasaka, ambayo aliifasiri kuwa ni kuvuka, ni nafsi kuvuka kutoka upande wa tamaa kwenda upande wa akili na wema. Karibu miaka mia mbili baadaye akaja Origen, Mkristo aliyezaliwa katika jiji hilohilo mnamo mwaka 185, naye akaifanya njia hiyo kuwa mali ya Kanisa.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Philo alikuwa akiishi Misri, tena katika familia tajiri na yenye heshima. Watawa wa jangwani wa karne ya 4, waliosoma kitabu cha Kutoka usiku na mchana, nao waliishi Misri, na baadhi yao walikuwa wamehamia huko kwa hiari yao. Kwa watu hao, agizo la kutoka Misri lisingeweza kuwa agizo la kufungasha mizigo na kuhama nchi. Ilibidi watafute Misri ni ipi hasa, na jibu walilipata karibu zaidi kuliko mto Nili.

Kwa nini mtu ajishughulishe na orodha ya vituo vya jangwani, ambayo haina hata kisa?

Swali hili aliulizwa Origen, au tuseme alijiuliza mwenyewe mbele ya waumini wake alipofika sura ya 33 ya kitabu cha Hesabu. Sura hiyo ni orodha kavu: wakasafiri kutoka hapa, wakapiga kambi pale, wakasafiri kutoka pale, wakapiga kambi kule, hadi vituo 42. Hotuba yake ya 27 juu ya kitabu hicho, ambayo tunayo katika tafsiri ya Kilatini ya Rufinus, inavichukua vituo hivyo kimoja kimoja na kuvifanya ngazi za nafsi inayopanda. Hata idadi yake aliitumia: Injili ya Mathayo inahesabu vizazi 42 kutoka Ibrahimu hadi Kristo, kwa hiyo, alisema, kwa hatua zilezile ambazo Kristo alishuka kutufikia, sisi tunapanda kumwendea.

Jambo la thamani katika usomaji huo ni mpangilio wa vituo. Baada tu ya kuvuka bahari kwa shangwe na ngoma, watu wanatembea siku tatu bila maji, kisha wanafika Mara, na maji ya Mara ni machungu. Anayewahi kuamua jambo kubwa katika maisha yake, awe ameacha pombe, ameokoka au ametubu toba ya kweli, anaijua Mara hata kama hajawahi kuisoma: ile wiki ya pili, furaha ikishapungua, ambapo kila kitu kina ladha ya shubiri na mtu anadhani amekosea njia. Orodha inamwambia kwamba hajakosea. Mara iko njiani, na kituo kinachofuata kina chemchemi 12 na mitende 70.

Kituo hicho kinachofuata, katika Biblia ya Kiswahili, kinaandikwa Elimu, na nimewahi kumsikia mtu akijenga somo zima juu ya neno hilo: kwamba baada ya uchungu huja elimu. Somo lilikuwa tamu, ila msingi wake haukuwepo, kwa maana jina ni la Kiebrania na halihusiani kabisa na neno letu lililotoka katika Kiarabu. Tusimcheke sana. Origen naye alitegemea orodha za maana za majina ya Kiebrania ambazo nyingine zilikuwa za kubahatisha, na pale jina lilipomdanganya, jengo lake nalo liliyumba.

Je, Kurani nayo inasomwa hivyo?

Inasomwa, na kisa cha Nabii Musa ndicho kinachotajwa humo kuliko kisa cha nabii mwingine yeyote. Wafasiri wa njia hii huita kazi yao ishara, yaani kile ambacho aya inakidokeza kwa mwenye kuitafakari, ili kukitofautisha na tafsiri ya kawaida inayoshughulika na lugha, sababu za kushuka aya na hukumu. Sahl al-Tustari, aliyefariki mwaka 896, ni miongoni mwa wa kale ambao maelezo yao ya namna hii yamehifadhiwa. Jalaluddin Rumi, katika karne ya 13, alilisema wazi: Musa na Firauni wote wawili wamo ndani yako, na ugomvi wao uutafute humo. Naye Kashani, mfasiri aliyeandika baada yake, alimfanya Firauni kuwa ile nafsi yenye kuamrisha maovu.

Mfano wa kutazamwa kwa karibu umo katika Sura Taha, kuanzia aya ya 17. Musa amefika kwenye moto, ameambiwa avue viatu vyake, na sasa anaulizwa: ni nini hicho kilicho katika mkono wako wa kulia? Jibu lingeweza kuwa neno moja, fimbo. Yeye anaeleza: ni fimbo yangu, naiegemea, nawaangushia majani kondoo wangu, na ina matumizi mengine kwangu. Anaamrishwa aitupe, nayo inageuka nyoka mwenye kwenda mbio. Kisha anaambiwa aichukue wala asiogope, kwani itarudishwa katika hali yake ya kwanza.

Watu wa ishara wamelipenda neno naiegemea. Kila mtu ana fimbo yake, iwe kazi, mume, jina la ukoo au hata sifa ya ucha Mungu, na kwa kuwa ameiegemea muda mrefu haioni tena. Akiulizwa, atataja faida zake kwa kirefu kama Musa. Inapotupwa chini ndipo sura yake nyingine inapoonekana, na mwenyewe huwa wa kwanza kushtuka. Lakini zingatia kwamba fimbo haikuchomwa moto. Alirudishiwa, na ndiyo hiyohiyo iliyopasua bahari.

Zile nafsi tatu zinazotajwa na masheikh zinaingia wapi?

Zinaingia kama msamiati wa safari. Kurani inataja nafsi yenye kuamrisha maovu katika Sura Yusuf aya ya 53, nafsi yenye kujilaumu katika Sura ya 75 aya ya 2, na nafsi iliyotua katika Sura ya 89 aya ya 27. Wengi huzifanya ngazi tatu za kupandwa moja baada ya nyingine. Ni sawa kwa kufundishia, lakini mtu mzima anajua kwamba zote tatu zinaweza kumpitia kati ya alfajiri na adhuhuri.

Kuna tofauti gani kati ya hali inayopita na daraja ambalo mtu amefika?

Kiswahili kimeyarithi maneno yote mawili bila sisi kujua. Hali ni neno lilelile walilolitumia masufi, yaani Waislamu wanaoshughulika na njia ya ndani ya moyo, kwa kile kinachoushukia moyo na kuondoka, kama vile furaha, hofu, au utulivu wa ghafla. Na makamo, tunalolisikia tunaposema mtu wa makamo, linatokana na neno lao la mahali ambapo mtu amesimama kwa juhudi yake. Qushayri, mwanazuoni wa kisufi aliyefariki mwaka 1072, alitoa kanuni fupi: hali ni vipawa, makamo ni machumo.

Kitabu cha Kutoka kinalionyesha jambo hilo kwa mana, chakula walicholishwa watu jangwani. Mana ilitoka mbinguni, mtu hakuilima, lakini ilimbidi aamke aiokote kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Aliyeiweka hadi kesho yake aliikuta imeingia mabuu na kunuka, isipokuwa ile ya siku ya sita iliyowekwa kwa ajili ya Sabato. Watu wengi husumbuka kwa sababu ya mana ya jana. Walisali siku moja wakapata utamu usioelezeka, na tangu siku hiyo wanachotafuta katika sala ni utamu ule, si Yule aliyeutoa.

Kwa nini mtu aliyekwisha kubadilika hujikuta akitamani maisha aliyoyaacha?

Soma Hesabu sura ya 11. Watu waliokuwa watumwa, ambao watoto wao wa kiume walitupwa mtoni, wanalia jangwani kwa kukumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Tena wanasema samaki wale waliwala bure! Mjeledi hautajwi. Sijui maelezo mengine ya kale yanayoonyesha kwa usahihi zaidi namna kumbukumbu inavyochuja: huacha viboko, hubakiza kitunguu.

Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4 katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliandika maisha ya Musa katika sehemu mbili, kwanza akisimulia kisa kilivyo, kisha akikirudia kwa maana yake ya ndani. Anapofika kwenye Bahari ya Shamu anasema kwamba jeshi la Misri lilipaswa kufia majini lote, lakini wapo wanaotoka upande wa pili wakiwa wameongozana na askari wale wakiwa hai: wamebatizwa, na choyo chao, kiburi chao na hasira yao vimevuka pamoja nao vikiwa vikavu.

Je, maana ya ndani inaifuta maana ya dhahiri?

Haifuti, na hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu kuliko penginepo, kwa sababu wengi walioharibikiwa na usomaji huu waliharibikiwa hapa. Philo mwenyewe aliwakemea Wayahudi wa zama zake waliodai kwamba, kwa kuwa wamekwisha kujua Sabato inaashiria nini, hawana haja tena ya kuishika. Aliwaambia kwamba maana ya dhahiri ni kama mwili na ya ndani ni kama roho, na mwenye kuijali roho huitunza nyumba yake.

Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilieleza jambo hilohilo alipokuwa akifafanua viatu vya Musa, ambavyo alisema vinaashiria kuziweka kando dunia na akhera zote mbili ili kumwelekea Mungu peke yake. Mara baada ya kusema hivyo akatahadharisha: asidhani mtu kwamba nasema Musa hakuwa na viatu, au kwamba hakuambiwa avivue. Akatoa mfano wa hadithi isemayo kwamba malaika hawaingii katika nyumba yenye mbwa. Yupo atakayesema kwamba nyumba ni moyo na mbwa ni hasira, kwa hiyo atamfuga mbwa sebuleni na kujiona amefahamu. Ghazali anasema huyo amekosea. Aliyefahamu humtoa mbwa nyumbani kama hadithi ilivyosema, kisha akaendelea na kumtoa yule wa moyoni. Anayeshika dhahiri pekee amepungukiwa, anayeshika batini, yaani maana ya ndani, pekee amepungukiwa, na mkamilifu ni anayeziunganisha.

Mtu wa pwani asingehitaji mfano wa mbali. Mwanamke akijifunga kanga yenye jina lililomlenga jirani, ujumbe unafika na jirani anaupata. Lakini kanga bado ni nguo, inasitiri na inafuliwa, na hakuna aliyewahi kuitupa akabaki amevaa maneno.

Wapo wanaosema maandiko hayana historia yoyote, yote ni saikolojia. Si ndiyo hayahaya?

Hapana. Mfano maarufu ni Neville Goddard, aliyezaliwa Barbados mwaka 1905 na kufundisha Marekani hadi alipofariki mwaka 1972. Alifundisha kwamba Biblia ni tamthilia ya mambo ya akilini, na kwamba Mungu ndiye uwezo wa binadamu wa kuwaza. Kwa Origen, Gregory au Ghazali, anayezungumza na Musa katika kichaka kile kilichowaka moto ni Mwingine, si mimi. Tofauti hiyo inaonekana haraka katika matumizi: kwa njia ya Goddard msomaji hujifunza kuwaza anachokitaka mpaka kije, na kwa njia ya wale wazee msomaji huulizwa anachokitaka kimemfanya nini. Sisemi wafuasi wa Goddard hawafaidiki. Nasema wameshika kitabu kingine chenye jalada lilelile.

Nitajuaje kwamba maana niliyoiona sijajitungia?

Agostino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika ya Kaskazini, alitoa vipimo viwili ambavyo bado vinafanya kazi. Cha kwanza, maana isiyomjenga mtu katika kumpenda Mungu na jirani bado haijafika, hata kama ni ya werevu mkubwa. Cha pili, yale yaliyofichika katika fungu moja karibu yote husemwa waziwazi katika fungu jingine. Kwa hiyo kama maana uliyoipata haisemwi waziwazi popote, itilie shaka.

Mimi ningeongeza cha tatu, kwa uzoefu tu wa kusikiliza. Tazama unamwona nani katika nafasi ya Firauni. Niliwahi kukaa kwenye mahubiri ya saa nzima ambamo Farao alikuwa serikali, wakwe, bosi wa kazini na mchawi wa mtaa wa pili. Mhubiri alikuwa Musa tangu mwanzo hadi sadaka ilipokusanywa.

Nini kinatokea pale ambapo mtu hahisi chochote, giza tupu?

Gregory aliona kwamba Musa alikutana na Mungu kwanza katika mwanga wa kichaka, kisha katika wingu, na mwisho, katika Kutoka 20:21, akalikaribia giza nene pale alipokuwapo Mungu. Yaani giza lilikuja baadaye, likiwa juu mlimani, ambapo macho yamekwisha kujua kwamba wanachokitafuta hakionekani kama vitu vingine. Katika Kurani Musa anaomba amwone Mola wake, anajibiwa kwamba hatamwona, mlima unavurugika na yeye anaanguka amezimia. Masufi nao huzungumza juu ya kukunjwa na kukunjuliwa kwa moyo, wakitegemea aya ya 245 ya Sura ya pili.

Hata hivyo si kila giza ni la Sinai. Juan de la Cruz, mtawa wa Hispania aliyefungwa Toledo mwaka 1577 na kutoroka mwaka uliofuata, alijua kwamba ukavu wa moyo unaweza kutokana na uzembe au na maradhi, ndiyo maana akatoa ishara tatu za kuzingatiwa kwa pamoja: mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu wala katika kitu kingine chochote, bado anahangaika kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo, na hawezi tena kutafakari kwa njia aliyoizoea. Mtu asiyelala wiki nzima, asiyekula, anayewaza kujidhuru au anayesikia sauti zinazomwamrisha, apelekwe hospitali leo hii. Kumwambia kwamba yuko mlimani na Musa ni ukatili.

Na ule uchovu wa mchana, ambapo mtu hawezi kusali wala kufanya kazi?

Huo una jina, na ulichunguzwa na Evagrius, mtawa aliyekaa katika jangwa la Misri hadi kufa kwake mwaka 399. Aliuita akedia, akaufungamanisha na lile linaloharibu adhuhuri katika Zaburi ya 91. Anasema humshika mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane. Msomaji wa Kizungu hulazimika kuzibadili saa hizo. Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu kuanzia asubuhi kama yeye, kwa hiyo tunazielewa zilivyo: saa nne, chai imekwisha tumboni, hadi saa nane, jua likiwa kali. Jua huonekana halisogei na siku kama ina saa 50. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka nje kuangalia imebaki muda gani kufika saa tisa, ambayo ni saa ya kula, na anatazama huku na huku kama kuna ndugu yeyote anayekuja. Siku hizi tunatazama simu.

Waswahili wenyewe wamewahi kusoma hivyo?

Lugha yenye mafumbo kama yetu isingeweza kukosa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi wa mwanzoni mwa karne ya 19, anauhoji moyo wake kwa nini hauzinduki, kisha anauonyesha majumba ya mji wa Pate yaliyoanguka: madaka yaliyopangwa visahani vya kauri sasa wanalala makinda ya ndege. Hapo kinachosomwa ni magofu, lakini Kurani yenyewe, katika Sura ya 41 aya ya 53, inasema ishara zimo katika upeo wa mbali na katika nafsi, na neno linalotumika kwa ishara hizo ndilo hilohilo aya.

Nianzie wapi?

Mwislamu aanze na Sura Taha, aya ya 9 hadi ya 36, pamoja na tafsiri ya dhahiri kwanza, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au nyingine anayoiamini, na awe na mwalimu wa kumuuliza. Mkristo aanze na Kutoka sura ya 3 na ya 15 hadi ya 17, kisha achukue kalamu ya risasi na Hesabu 33, aisome kwa sauti, polepole, akiweka alama kwenye vituo anavyovitambua. Vitakuwa vichache. Mara ataiweka alama, na bahari, na pengine Sinai. Kisha atafika Rithma, Rimon-peresi, Libna, Risa, majina ambayo hayana muujiza, vita wala neno lolote lililosemwa hapo. Kinachoelezwa ni kwamba walipiga kambi, na kwamba walisafiri kutoka hapo.